Bakteria wa udongo hawaui virusi vya nyanya. Basi wanafanya nini?

Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi ndani ya mche wa nyanya. Haipo soko la Kadutu wala la Nyawera hapa Bukavu, haipo hata Ulaya kwenye maghala makubwa ya dawa za kilimo. Mkulima wa Kabare akiona majani ya nyanya zake yamejikunja na kuota mabaka ya kijani na manjano, akapanda gari hadi Bukavu kutafuta tiba, mara nyingi atarudi na dawa ya ukungu au dawa ya wadudu. Ya kwanza haina uhusiano wowote na virusi. Ya pili humuua mdudu ambaye kazi yake ameshaimaliza.

Katika pengo hilo ndipo huingia chupa na pakiti zenye maandishi ya kuvutia: bakteria rafiki, kinga ya mmea, uhai wa udongo. Nyuma ya baadhi ya bidhaa hizo kuna utafiti wa kweli wa zaidi ya miaka 30. Nyuma ya nyingine kuna molasi na maji. Kuzitenganisha si rahisi, kwa sababu hata utafiti wa kweli hausemi kile ambacho wauzaji wengi husema. Mwuzaji anasema bakteria wanapigana na virusi. Utafiti unasema bakteria na virusi hawakutani kabisa.

Kwetu Kivu bakteria hawana sifa nzuri. Tunawajua kwa kipindupindu. Wakulima wanawajua kwa mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 kisha ukasambaa na kumaliza mashamba ya ndizi yaliyokuwa yakilisha familia vizazi kwa vizazi. Hata hivyo, waliolima soya Kusini mwa Kivu wakati wa mradi wa kilimo wa N2Africa wanajua upande wa pili: ule unga uliochanganywa na mbegu kabla ya kupanda ulikuwa bakteria hai, rizobia, wanaojenga vinundu kwenye mizizi na kuchota naitrojeni kutoka hewani. Rizobia wanalisha mmea. Bakteria wa makala hii, hasa wa jamii za Bacillus na Pseudomonas, hawajengi vinundu. Wanakaa juu ya ngozi ya mzizi, na kile wanachoubadilisha mmea hakionekani kwa macho mpaka siku adui atakapofika.

Adui asiyepigwa kwa dawa

Kirusi hakili wala hakipumui. Ni uzi mfupi wa maagizo ya urithi, kwa mimea aghalabu RNA, uliofungwa ndani ya ganda la protini. Nje ya seli hakifanyi lolote. Kikiingia, huiteka mitambo ya seli na kuilazimisha itoe nakala zake kwa maelfu. Hapo ndipo ugumu wa dawa unapotoka: karibu kila kitu ambacho kirusi kinakitumia ni mali ya mmea wenyewe, kwa hiyo ukikipiga unaupiga mmea.

Kwa njia, elimu yote ya virusi, hata ile ya UKIMWI na Ebola, ilianzia kwenye jani. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alipitisha maji ya majani ya tumbaku yenye batobato, ule ugonjwa wa mabaka, kwenye chujio linalozuia bakteria, na maji yaliyopita yakaendelea kuambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akasema waziwazi kuwa hicho si bakteria mdogo bali ni kitu cha aina nyingine. Zaidi ya karne moja imepita, na mkulima mwenye tumbaku au nyanya iliyokwisha kuambukizwa bado anaambiwa lilelile: ng'oa, peleka mbali, zika au choma.

Kwa mboga zetu, virusi vya kuangaliwa sana ni vya batobato ya matango, vinavyojulikana kwa kifupi CMV. Jina lisikudanganye, havikai kwenye matango peke yake. Vimeonekana kwenye zaidi ya aina 1,200 za mimea, zikiwemo nyanya, pilipili, maboga na magugu mengi yanayoota kando ya mfereji. Wabebaji ni vidukari, na zaidi ya aina 80 za vidukari zinaweza kazi hiyo. Kidukari akitua kwenye jani huchoma kidogo ili aonje. Sekunde chache za kuonja jani lenye ugonjwa zinatosha kuvibeba, na sekunde chache za kuonja jani jingine zinatosha kuviacha. Mdudu aliyepita shamba lenye dawa atakufa, lakini atakufa baada ya kuonja. Tena baadhi ya dawa humfadhaisha kabla ya kumuua, akarukaruka mche hadi mche na kuonja mingi zaidi.

Inzi weupe, wale wanaojulikana kwa batobato ya mihogo, wana tabia nyingine. Virusi vya kukunja majani ya nyanya wanavyovibeba vinahitaji mdudu anyonye kwa muda mrefu zaidi, kisha vinabaki naye siku nyingi, hivyo dawa ina nafasi fulani. Kuna pia virusi visivyohitaji mdudu. Batobato ya tumbaku na jamaa yake wa nyanya husafiri kwa vidole, visu na nguo za mtu anayepogoa mistari ya nyanya bila kunawa mikono.

Kabla ya kuendelea, hakikisha unachokiona ni virusi. Nyanya inayonyauka ghafla mchana ikiwa bado kijani, majani yakilegea bila mabaka, huenda ina mnyauko wa bakteria wa udongo, Ralstonia. Kata shina karibu na ardhi, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, basi si virusi, na hakuna neno hata moja katika makala hii litakalokusaidia kwa shamba hilo. Virusi kwa kawaida haviangushi mche kwa siku moja. Vinaudumaza, vinakunja majani, vinayafanya membamba kama kamba, vinapunguza maua, na matunda yanayotoka ni madogo yenye mabaka.

Mmea unajilinda vipi

Mmea hauna damu, wala chembe nyeupe zinazozunguka mwilini kumsaka adui. Kila seli inajilinda yenyewe na wakati huohuo inatuma habari kwa nyingine. Dhidi ya virusi, silaha kubwa ni vimeng'enya vinavyoitambua RNA yenye nyuzi mbili, ambayo virusi vingi huitengeneza vinapojinakili. Vimeng'enya hivyo huikata vipande vifupi vya herufi za urithi 21 hadi 24, kisha mmea unavitumia vipande hivyohivyo kutambua nakala nyingine zenye mpangilio uleule ili nazo zikatwe. Ni mfumo mzuri ajabu, lakini virusi navyo vina jibu. CMV ina protini iitwayo 2b ambayo huuvuruga ukataji huo. Kinachoamua ni nani ametangulia: kama mmea umeanza mapema na kwa nguvu, virusi vinabaki vichache na vinatembea polepole. Ukichelewa, vinajaa kila jani.

Kwamba mmea unaweza kuandaliwa kabla ya shambulio, hilo lilithibitishwa mwaka 1961. Mmarekani A. Frank Ross aliyapaka majani machache ya tumbaku virusi vya batobato, akitumia aina ya tumbaku ambayo hufungia virusi ndani ya vidoa vilivyokufa. Siku kadhaa baadaye aliyapaka majani mengine ya mmea uleule, ambayo hayakuguswa mwanzo. Vidoa vilikuwa vichache na vidogo zaidi. Habari ilikuwa imesafiri kutoka jani hadi jani. Baadaye ikajulikana kwamba asidi ya salisiliki, jamaa wa karibu wa aspirini tunayomeza, ni sehemu muhimu ya mawasiliano hayo.

Lakini ili kupata kinga ya Ross lazima kwanza uumize mmea. Mkulima gani ataambukiza nyanya zake makusudi? Jibu lilikuja mwaka 1991 kutoka kwa timu mbili zilizofanya kazi kila moja kwake, moja Uholanzi kwa maua ya kanesheni, nyingine Marekani kwa matango. Zote mbili ziliweka bakteria wasio na madhara kwenye mizizi, kisha zikaleta ukungu wa magonjwa sehemu ya juu ya mmea. Mimea ikaugua kidogo kuliko ile isiyo na bakteria, ingawa bakteria na ukungu hawakugusana. Mwaka 1994 watafiti wa Uswisi wakaonyesha jambo linalofanana kwa virusi kwenye tumbaku, wakitumia Pseudomonas. Mwaka 1996 kundi la Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, likalifikisha kwa CMV kwenye matango na nyanya.

Bakteria anauambia mmea nini? Kwanza hakusudii kuuambia chochote. Mzizi humwaga sukari na asidi kwenye udongo unaouzunguka, wakati mwingine hata moja ya tano ya kaboni yote ambayo majani yamekamata kwa jua, na bakteria wanajikusanya hapo kula. Mjerumani Lorenz Hiltner aliiandika kanda hiyo ya mizizi mwaka 1904 na kuipa jina lake la kisayansi, rizosifia. Wakati wanakula na kugombania nafasi, bakteria wanaacha alama: protini za mikia wanayoogelea nayo, molekuli za kukamata chuma, na vitu vyenye tabia ya sabuni kama safaktini na fenjisini, ambavyo timu ya Marc Ongena wa Gembloux, Ubelgiji, ilionyesha mwaka 2007 kuwa vinatosha kuamsha kinga ya maharagwe na nyanya hata vikitumiwa bila bakteria wenyewe. Mzizi unazisoma alama hizo kama dalili kuwa kuna wageni. Ujumbe unapanda juu, mara nyingi kwa njia ya asidi ya jasmoniki na gesi ya ethilini badala ya ile asidi ya salisiliki ya Ross, ingawa kuna bakteria wanaotumia njia zote.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalishiki. Mmea uliopata ujumbe huo hauanzi kutengeneza silaha mara moja. Anayelala Panzi au Kadutu anajua usiku wa majambazi unavyokuwa: mama mmoja anagonga sufuria, jirani anaitikia, filimbi zinalia, na kabla wezi hawajafika nyumba ya tatu mtaa mzima uko macho. Sasa chukua mtaa uliosikia fununu mchana. Watu wake hawakeshi nje, wanalala kama kawaida, ila sufuria na mwiko vimewekwa karibu na mlango. Mmea wenye bakteria mizizini uko katika hali hiyo. Unaendelea kukua, hautumii nguvu nyingi kwa vita ambavyo havijaanza, lakini virusi vikiingia mwitikio wake ni wa haraka na mkali zaidi. Ule ambao haukusikia fununu nao utagonga sufuria, ila kwa kuchelewa.

Kutokana na hilo peke yake unaweza kujibu maswali mengi ya dukani. Je, bakteria watatibu nyanya ambazo tayari zina batobato? Hapana, fununu baada ya wizi haina faida. Je, nipulizie kwenye majani? Kwa kazi hii mahali pao ni mizizini. Je, nisubiri nione dalili kwanza? Ukiziona umeshachelewa.

Faida ni kubwa kiasi gani?

Hapa napenda kuwa mkali kidogo, kwa sababu ndipo uongo mwingi unapojificha.

Katika majaribio ya Auburn yaliyochapishwa mwaka 2000, nyanya zilizopewa aina tatu za Bacillus zilikuzwa ndani ya nyumba ya kioo kisha zikaambukizwa CMV kwa makusudi. Kwenye matibabu yaliyofanya vizuri zaidi, asilimia 32 hadi 58 ya mimea ilionyesha dalili. Kwa mimea isiyo na bakteria ilikuwa asilimia 88 hadi 98. Ni tofauti kubwa. Lakini soma namba ya kwanza tena: hata pale palipofanikiwa sana, karibu theluthi moja ya mimea iliugua. Kisha wakatoka nje shambani. Mwaka 1996 baadhi ya bakteria walipunguza ugonjwa na mavuno yakaongezeka. Mwaka 1997 virusi vilikuwa vingi zaidi katika shamba zima, na matokeo hayakuwa mazuri kama ya mwaka uliotangulia. Shambulio likiwa kubwa mno, mmea ulio tayari nao unazidiwa.

Jaribio jingine la kundi hilo, Florida, liliwahusu inzi weupe na virusi vyao vya mabaka ya nyanya. Mambo mawili ndani yake yanafaa kwa mtu wa huku kwetu. La kwanza, bakteria waliochanganywa kama unga kwenye udongo wa miche walilinda vizuri zaidi kuliko waliopakwa kwenye mbegu tu. La pili, idadi ya inzi weupe kwenye mimea haikulingana na ukali wa ugonjwa. Inaelekea kinga haikutokana na kufukuza wadudu tu. Wadudu walikuja, wakala, wakaacha virusi, lakini mimea ikavistahimili.

Liko pia jaribio la mwaka 2003 ambalo mimi naliona lina uzito kuliko yote kwa mkulima, ingawa halipendezi kwenye tangazo. Nyanya zilizopewa mchanganyiko wa Bacillus wawili pamoja na kitosani, kitu kinachotokana na maganda ya kamba wa baharini na kaa, zilikua haraka hadi zikafanana na nyanya zilizozitangulia kwa siku 10. Zilipoambukizwa CMV ziliumia kidogo, na sehemu ya sababu ni umri: mche mkubwa huvumilia virusi kuliko mche mchanga. Hakuna siri ya ajabu hapo. Bakteria waliunyonyesha mche ukapita haraka umri wa hatari.

Basi ukiunganisha yote, ahadi ya kweli ni hii: baadhi ya mimea itaponyoka, mingine itaugua kwa kuchelewa, na iliyougua itazaa kiasi. Kwa nyanya, kuchelewa kwa wiki tatu kunaweza kuwa tofauti kati ya kikapu na shamba tupu, kwa sababu virusi vikiingia kabla ya maua hasara ni kubwa, na vikiingia matunda yakiwa yameshajaa mkulima hapotezi sana.

Pakiti mkononi

Jina Bacillus peke yake halitoshi. Hata jina kamili, Bacillus subtilis au Bacillus pumilus, halitoshi, maana ndani ya jina moja kuna koo nyingi zenye tabia tofauti. Mfano unaojulikana sana ni wa Uholanzi: Pseudomonas wawili, WCS417 na WCS374. Wa kwanza aliamsha kinga kwenye kanesheni, figili na mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Wa pili alifanya kazi vizuri kwenye figili, lakini kwenye Arabidopsis hakuamsha kitu. Kwa hiyo pakiti ya kuaminika hutaja ukoo kwa herufi na namba, hutaja wingi wa bakteria hai kwa gramu au mililita, hutaja tarehe ya mwisho, na husema imejaribiwa kwa zao gani. Pakiti isemayo "bakteria wazuri kwa mazao yote na magonjwa yote" irudishe kwa mwenyewe kwa heshima.

Wingi una maana yake. Utafiti wa Pseudomonas kwenye figili ulionyesha kuwa kinga inakuja tu bakteria wakifika karibu 100,000 kwa gramu moja ya mzizi. Chini ya hapo hakuna kinachotokea. Udongo wenyewe tayari una bakteria wengine wengi mno, wanaoweza kufika bilioni moja kwa gramu, na hao hawatampisha mgeni. Mgeni huyo lazima afike kwa kundi kubwa, na afike wakati mzizi bado mchanga na nafasi bado zipo.

Kuhifadhi ndiko kunakotushinda. Pseudomonas ni dhaifu nje ya udongo, anahitaji baridi, na baridi ya kudumu huku kwetu, umeme ukikatika leo na kesho, ni anasa. Bacillus ana bahati nyingine: mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya spora, ganda kavu linalovumilia ukame na joto, hata kuchemshwa kwa muda. Kwa mazingira ya Bukavu, Uvira au Walungu, mimi ningeuliza kwanza kama kilichomo ni spora za Bacillus. Pseudomonas wa maji, aliyekaa rafuni kwenye jua miezi mitatu, ni maji tu. Na maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya, na usiwaweke bakteria ndani ya pompi iliyotoka kubeba dawa ya shaba.

Wako wanaofundisha watu kuzalisha bakteria nyumbani kwa sukari, unga na udongo wa msituni. Mboji iliyoiva vizuri ni jambo jema na naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa chakula cha mmea na kwa udongo. Lakini ndoo iliyochacha hakuna anayejua imezalisha nini. Mmoja kati ya bakteria waliolinda nyanya na matango katika jaribio la 1996 alikuwa Serratia marcescens, na jamii hiyohiyo inasumbua hospitali kwa kuambukiza vidonda na damu za wagonjwa. Jamaa mmoja wa Bacillus, anayeitwa cereus, hutia watu sumu kwenye wali uliolala. Kupulizia ndoo ya namna hiyo kwenye lengalenga itakayovunwa kesho si kilimo cha asili, ni bahati nasibu na tumbo la mteja.

Kabare si Ruzizi

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Kabare inapanda zaidi ya hapo. Kuna ubaridi, mvua ni nyingi, na adui mbaya zaidi wa nyanya mara nyingi ni ukungu unaoletwa na mvua, si virusi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kilimo kinashuka mabondeni kwenye marais, yaani ardhi ya majimaji, vidukari wanaongezeka, na mimea yote ya kijani imejibana sehemu moja: nyanya mpya karibu na maboga ya zamani karibu na magugu. Hapo CMV ina kila inachokihitaji.

Bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola kushuka hadi Uvira, ni nchi nyingine. Liko chini, karibu mita 1,000 kushuka hadi 770 hivi kwenye Ziwa Tanganyika, na joto lake linawapendeza inzi weupe. Nyanya na vitunguu vinavyopanda malori kuja Bukavu vinatoka huko kwa wingi. Anayelima huko nyanya baada ya nyanya, mwaka mzima bila kupumzisha, asitegemee bakteria kumwokoa. Ndilo lile shamba la mwaka 1997 la Alabama: virusi ni vingi mno.

Mahali ambapo bakteria wana nafasi ya kweli katika pande zote mbili ni pepinyeri, yaani kitalu cha miche. Mche wa nyanya au pilipili hukaa huko wiki tatu hadi tano, mizizi yote iko ndani ya udongo mchache unaoweza kuuchanganya kwa mkono, na pakiti moja inatosha maelfu ya miche wakati ambapo haitatosha hata kona ya shamba. Changanya unga na udongo wa kitalu, au mwagilia mara ile miche inapoota, kisha rudia siku chache kabla ya kuhamishia shambani.

Ila kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua chandarua. Pepinyeri iliyofunikwa kwa chandarua chenye matundu madogo inamzuia kidukari na inzi mweupe asionje kabisa, na hakuna bakteria anayeweza kushindana na jambo hilo. Cha pili kwa umuhimu ni kung'oa nyanya za zamani kabla ya kuotesha mpya, na kuondoa magugu yaliyouzunguka mfereji. Bakteria ni wa tatu. Wanaanza pale chandarua kinapoishia, siku mche unapotoka kivulini kwenda kukaa peke yake shambani, majani yakiwa laini na vidukari wakisubiri.

Anayetaka kuwajaribu asiwape miche yote. Agawe pepinyeri nusu kwa nusu, mbegu moja, udongo mmoja, chandarua kimoja, nusu ipate bakteria na nusu isipate. Shambani apande mistari ya hao na ya hawa kwa kupishana, si upande huu na ule, maana upande wa karibu na mfereji utaugua zaidi kwa sababu zake. Achomeke vijiti vya alama, ahesabu mimea yenye mabaka kila wiki hadi maua yatoke, kisha aache kuangalia majani na aanze kupima vikapu, mstari kwa mstari. Mistari ya bakteria ikiwa imechelewa kuugua lakini vikapu vikilingana, pakiti hiyo haikulipa gharama yake kwa shamba hilo, hata kama majani yake yalikuwa mazuri kuyatazama.